Aproni Isiyochafuka

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wa kazi yangu ni kumtazama mtu mshono kabla ya uso. Mgeni akichungulia mlangoni kuuliza njia, mimi nimeshaona kwamba pindo la suruali yake limeshikwa na pini, na kwamba kola yake imegeuzwa na mtu asiyeijua kazi. Akiondoka, ukiniuliza alikuwa na sura gani, nitabaki kukukodolea macho. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba watu hudanganya lakini nguo zao haziwezi.

Ndivyo nilivyomchagulia binti yangu mahali pa kucheza na wenzake. Nilitazama nguo.

Binti huyo ana miaka mitatu na nusu na sote twamwita Kasuku. Jina hilo alipewa na bibi yake, yaani mama yangu mzazi, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kujua kunyamaza. Alikuwa akishinda nami kazini, chini ya meza ya kukatia, akiongea na vipande vya vitambaa vilivyoanguka. Kila kipande alikipa ukoo: huyu mjomba, huyu shangazi, yule mtoto mtukutu amekataa kuoga. Wateja walikuwa wakikaa zaidi ya walivyopanga ili wasikie mwisho wa ugomvi. Nami nilimpenda, nani hampendi mwanawe, lakini mdomo wangu kutwa ulikuwa na pini, na maneno yaliyopenya pembeni mwa pini hizo yalikuwa yale yale: "Nimekwambia mara ngapi? Hivyo ni vitambaa vya watu! Kwani huna masikio? Haya, kaa hapo, tulia tuli, nisikuone unagusa kitu." Hapo ananitazama, anaweka mikono mapajani, anatulia. Dakika mbili. Kisha shangazi anaanza upya kumgombeza mjomba.

Siku ya chaki ndiyo iliyoharibu mambo. Nilikuwa nimetandaza mezani kitambaa cheupe cha bi harusi, nikatoka kumsindikiza mteja hadi barazani. Tukaongea, unajua tena maongezi ya barazani. Niliporudi, Kasuku alikuwa amepanda juu ya stuli na chaki yangu nyekundu, na amechora kwenye kile kitambaa familia nzima, pamoja na mjomba. Chaki nyekundu haitoki kwenye kitambaa cheupe, kila fundi anajua. Nilimpiga kofi la mkononi. Halikuwa kofi kubwa, najua ndivyo wanavyosema wote waliopiga. Halafu nikamwambia yale maneno yangu yote kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

Jioni mama yangu alinivuta kando. "Mwanangu, pale ni mahali pa mikasi na sindano. Mtoto mpeleke waliko wenziwe."

Baba yake yuko mbali kikazi, huja nyumbani kwa msimu. Nilipompigia simu alisema, "Chagua wewe. Wewe ndiye unayeona." Hakujua alivyonivimbisha kichwa kwa neno hilo la kuona.

Mtaani kwetu kulikuwa na vituo viwili vya watoto wadogo, na vyote viwili nilivijua kwa mafurushi yao, kwa sababu vyote huniletea aproni za watoto, zile ndefu zenye mikono, kurekebishwa. Furushi la kwanza huja na mwalimu mmoja mnene, mcheshi, niliyempachika jina la Mwalimu Matope. Ukilifungua furushi lake unakutana na vita: mifuko imening'inia kwa uzi mmoja, vifungo havipo, magoti yamelika, rangi ya kijani mgongoni ambako hakuna mtoto anayeweza kujipaka mwenyewe. Nilikuwa namtania. "Mwalimu, hapo kwenu mnalea watoto au mnalima?" Yeye hucheka tu na kusema, "Vyote, Fundi."

Furushi la pili lilitoka kituo kilicho nyuma ya bohari la mbao, na kulifungua lilikuwa raha. Aproni za buluu zilizokunjwa, safi, pembe kwa pembe. Hakuna cha kushona ila kushusha pindo, kwa maana watoto wanarefuka. Hata kifungo kimoja hakijalegea. Nilizinusa, zilikuwa na harufu ya sabuni. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wa kumwachia mtoto.

Nilikwenda kukiona kituo hicho asubuhi moja, nikakaa robo saa. Mwenyewe ni mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, watoto humwita Mama Mlezi. Alinionyesha vyumba, akanionyesha ukumbi mdogo wenye safu ya misumari ya kutundikia, juu ya kila msumari picha: samaki, nyota, kikombe, ndege. Alianza kunieleza utaratibu wao wa siku, nami nikawa natikisa kichwa huku nikikagua mapazia. Yalikuwa yameshonwa mshono mara mbili. Nikaondoka nimeridhika. Sikuuliza swali hata moja kuhusu mtoto, na misumari ile nilidhani ni ya makoti.

Nilimshonea Kasuku aproni mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu kama ule, hata hilo gauni la bi harusi nililolazimika kulianza upya. Nadhani nilikuwa nikilifuta lile kofi. Mifuko miwili mbele niliipiga bandi midomoni, kama nifanyavyo kwa kila mfuko mpya: uzi mweupe mwepesi wa kuushikiza usikenue chini ya pasi. Mteja akifika nyumbani huuchomoa. Hata asipouchomoa, akisukuma kidole tu unakatika.

Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Getini alinishika sketi.

"Sitaki. Nataka chini ya meza."

"Chini ya meza hapana, mama."

"Nitarudi lini?"

Nilikuwa na mashati ya kwaya nzima yakisubiri vifungo. Nikachuchumaa, nikamfunga kifungo cha shingoni. "Nisikilize. Unaiona aproni hii? Mama kaishona kwa mikono yake. Usiivue. Usiichafue. Ukiitunza ikakaa safi hivi hivi, utarudi kukaa na mimi kazini."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaiachia sketi yangu. Nilishangaa ilivyokuwa rahisi. Nikaondoka upesi kabla hajabadili nia, na nilipokata kona nilikuwa nimeshaanza kufikiria vifungo.

Tangu siku hiyo bibi yake ndiye aliyempeleka na kumchukua, maana saa yao ya kufunga haikupatana na kazi yangu. Na aproni ilirudi kila siku kama ilivyokwenda. Niliionyesha kwa wateja. Niliitundika penye mwanga, mtu akiingia namwambia, "Ya mwanangu hiyo, ametoka nayo kucheza." Chini ya meza kulikuwa kimya na kazi ilikwenda mbio. Kuna siku nilijikuta nimemaliza kabla ya jua kuzama, nikakaa nikitazama vipande sakafuni, nikavifagia.

Mama yangu ndiye aliyeanza. "Mbona mtoto hasemi siku hizi?"

"Anastaarabika, mama."

"Anastaarabika au anaumwa?"

"Angekuwa anaropoka ungelalamika."

Ni kweli alikuwa amenyamaza. Alikuwa akila mikono ikiwa karibu na sahani, akitembea ameinua viwiko kidogo, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Ukimuuliza, "Leo mmecheza nini?" anajibu, "Wamecheza." Nilimsikia na sikumsikia. Jioni moja alikuja kusimama mbele ya cherehani, akajizungusha polepole.

"Bado safi?"

"Safi kabisa!"

"Basi?"

"Basi nini?" nikasema, pini mdomoni, mguu kwenye cherehani.

Akanitazama kidogo, kisha akaenda zake kwa bibi yake. Jambo hili nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko jingine lolote. Alikuwa ameniuliza waziwazi.

Wiki ya sita, Jumatatu asubuhi, Mwalimu Matope akaja na furushi lake. Nilikuwa nampima mama mmoja gauni la ubatizo wa mjukuu. Ile aproni ya pili ya Kasuku ilikuwa juu ya meza ya pasi.

"Ya nani hii?" akauliza Mwalimu.

"Ya mwanangu," nikasema, kifua mbele. "Wiki ya sita hiyo. Hebu itazame."

Akaichukua, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga, akaichungulia kwa ndani. Alikuwa anaikagua kama mimi ninavyokagua, na hilo lilinikera. Kisha akatia kidole mfukoni na kidole kikagota.

"Fundi, mfuko huu haufunguki."

"Ni bandi tu hiyo. Nilisahau kuichomoa."

Akajaribu wa pili. Nao vile vile. Akaiweka aproni chini taratibu. "Wangu wakiingia tu getini, mfuko una jiwe, una jani, una kipande cha mkate wa jana. Wiki sita, na huyu hajataka kuweka kitu hata kimoja?"

Hakusema kwa kunichoma. Angesema kwa kunichoma ningejua la kumjibu. Niliichukua ile aproni mkononi mwake na kwa mara ya kwanza nikaisoma kama ninavyosoma nguo ya mtu nisiyemjua. Magotini, ambako mtoto hutambaa na kuchimba, kitambaa kipya. Viwiko, vipya. Nyuma, mahali pa kukalia, kitambaa kimeanza kung'aa kwa kulika. Mwanangu alikuwa amekaa. Wiki sita nzima alikuwa amekaa.

"Wamemfunga kwenye kiti!" nikasema. Nikautupa mkasi, nikatoka mbio, nikamwacha bibi wa mjukuu amesimama na pini kwapani, akiniuliza ashushe mkono au asishushe.

Njia nzima nilikuwa nashona maneno. Nitamwambia Mama Mlezi hivi, nitamwambia vile, nitamuuliza kama amewahi kuzaa. Nilipanga nitakavyomshika mwanangu mkono na kutoka naye watu wote wakiona. Nakiri hasira ilinipa nafuu fulani. Ilikuwa bora kuliko kile kilichokuwa chini yake.

Nilisikia kelele kabla ya kuona chochote. Vicheko, maji yakimwagwa, mtu akigonga sufuria. Niliingia ukumbini bila hodi na hapo nikasimama. Aproni za buluu zilikuwa zimetundikwa zote kwenye ile misumari, safi, pembe kwa pembe, kila moja chini ya picha yake. Msumari mmoja tu ulikuwa mtupu, wenye picha ya ndege.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Uani, watoto walikuwa ndani ya fulana kuukuu zilizowafika magotini, wamelowa, wana matope mpaka nyusi, wanachimba mto kutoka kwenye pipa la maji hadi kwenye rundo la mchanga. Mmoja amevaa sufuria kichwani. Kumbe ndivyo zilivyobaki safi zile aproni zilizonifurahisha. Zilivuliwa asubuhi, zikatundikwa, zikavaliwa tena wakati wa kwenda nyumbani.

Na kwenye benchi, ukutani, peke yake, Kasuku amekaa na aproni yake, kifungo cha shingoni kimefungwa, mikono mapajani.

"Afadhali umekuja," alisema Mama Mlezi nyuma yangu. "Tumekuandikia mara nne."

"Mmeniandikia wapi?"

"Kwenye daftari lake, mkobani. Tulikuomba umletee fulana ya kuchezea, kama nilivyokueleza siku ile. Na umwambie wewe mwenyewe aivue aproni. Sisi tukigusa kifungo analia mpaka anatapika. Anasema mama kakataza."

Daftari nililiona. Nilidhani ni la kuchorea. Mama yangu macho yake hayashiki maandishi, naye alidhani mimi nalisoma. Maneno yote niliyoyashona njiani yakafumuka mbele ya mwanamke niliyekuja kumtukana.

Kasuku akaniona. Hakukimbia. Aliteremka benchini kwa makini, akalizunguka dimbwi kwa mbali, akamkwepa mtoto wa sufuria, akaja mpaka mbele yangu. Akajizungusha polepole.

"Mama, angalia. Sijaichafua."

"Naona."

"Hata kidogo."

"Naona, mwanangu."

"Tunarudi leo?"

Nikaona aibu isiyo na pa kujificha. Yale maneno ya getini yalinirudia moja moja, na sauti yangu ilivyokuwa, na vifungo vya kwaya. Nilikuwa nimempa mtoto wa miaka mitatu na nusu kazi, kisha nikasahau kwamba nimempa. Yeye hakusahau. Alikuwa akiifanya kila siku, kuanzia asubuhi hadi bibi yake anapokuja, mto ukichimbwa mbele ya miguu yake, na jioni alikuwa akinionyesha kazi yake na kungoja. Hakuna mwingine aliyemfunga kwenye kiti. Ni mimi.

Nikapiga magoti. "Leo tunarudi pamoja," nikamwambia. "Na kesho ukitaka. Lakini si kwa sababu ya aproni. Mama alikosea kusema vile."

"Hata ikichafuka?"

"Hata ikichafuka."

Akaitazama aproni, akanitazama mimi. Hakuniamini, na sikumlaumu. Alijishika mifuko kwa mikono miwili, ile mifuko iliyoshonwa mdomo, akarudi nyuma hatua moja mbali na matope.

Maneno yangu yalikuwa yameshafanya kazi mbaya. Kwa hiyo nikakaa. Nilikaa pale pale chini, katikati ya mto wao, na sketi yangu ya kazini, na maji yakapita. Watoto wakaacha kuchimba. Mtoto wa sufuria akasema, "Ameanguka."

"Mama!" Kasuku alikuwa ametoa macho. "Sketi!"

"Imechafuka."

"Imechafuka *sana*!" Akageuka kutazama geti, kisha mlango, kama vile kuna mtu anakuja. Akasogea karibu, akaninong'oneza, "Nani atakugombeza?"

"Wewe," nikasema. "Nigombeze."

Akafikiri. Matope yalikuwa yamefika kwenye ncha za viatu vyake na hakuyaona. Kisha akaubana mdomo wake upande mmoja, kama mtu mwenye pini kati ya midomo, akanyanyua kidole.

"Nimekwambia mara ngapi?" akasema. "Hivyo ni vitambaa vya watu! Kwani huna masikio?"

Ilikuwa sauti yangu. Haikuwa mfano wa sauti yangu, ilikuwa yenyewe, mpaka ule mkoromo wa mwisho. Wiki sita sikuwa nimesikia maneno mengi hivyo kutoka kinywani mwake. Mama Mlezi alicheka nyuma yetu, akidhani ni mchezo. Nami nilianza kucheka, kisha nikashindwa.

"Haya, kaa hapo," Kasuku akamalizia. "Tulia tuli. Nisikuone unagusa kitu."

Hakucheka. Alisimama mbele yangu kidole kikiwa juu, akingoja nifanye vile ambavyo yeye alikuwa akifanya. Nikaweka mikono mapajani, nikatulia.